Mbaazi za Chungu Kimoja

Tulipimwa siku moja, mimi na dada Esha,
zahanati ya Newala, Jumanne, foleni imefika getini.
Presha yake mia na themanini. Yangu, mbili zaidi.
"Hata presha mnashonesha sare?" akatania Daktari Nachihangu,
kisha akaacha kutania.
Chumvi mpunguze. Mafuta ya vitumbua mpunguze.
Kuleni vya shambani: mbaazi, kunde, kisamvu, njugu mawe.

Tukacheka njia nzima. Vya shambani!
Kana kwamba sisi tulikuzwa kwa vya melini.
Ila kweli tulikuwa tumevisahau,
tangu mnada wa korosho ulipotuzoesha
mchele wa gunia na soda za kreti.

Tukaanza. Chungu kimoja, maana ua wetu ni mmoja.
Esha anakoka moto, mimi natoa mawe kwenye mbaazi.
Ugali wa muhogo ukapungua hadi ukubwa wa ngumi.
Kisamvu tulikitwanga kwa kinu cha marehemu mama,
kile chenye ufa, kinachotema jani kila mtwango.
Sikuiba. Naandika hapa kwa kuwa nitaulizwa:
sikuiba hata andazi.

Miezi mitatu.
Presha ya Esha imeshuka mbio kama mtoto aliyetumwa dukani,
sukari nayo nyuma yake,
kanga inamzunguka mara mbili.
Mstari wangu kwenye kadi umelala palepale,
mbuzi katikati ya barabara ya Masasi.

Muuguzi akaniangalia juu ya miwani.
"Mama, usiku unakula nini?"
Usiku nakula usingizi, nikamjibu, nao haushibishi.
Akaandika kitu. Sikukisoma.

Siku hiyo sikumsubiri Esha.
Nilimkasirikia kwa kosa la kupona.
Nikawamwagia kuku mbaazi zangu:
wawili wakazigombania,
wa tatu akazikanyaga, akaenda kuparua jaani.

Mara ya nne Nachihangu alinieleza,
kalamu kaiweka chini, kaketi juu ya boksi la glavu.
Tumboni, alisema, mna wapangaji,
vijidudu wadogo kuliko vumbi la salfa,
hao ndio humalizia kuichambua mbaazi
pale utumbo unapochoka,
na wanachokitoa ndicho kinachoutuliza moyo.
Kwa Esha wamo wanaoijua kazi.
Kwangu labda walihama:
mwaka ule wa homa ya matumbo
nilimeza vidonge rangi mbili, asubuhi na jioni,
vikamfukuza mwizi na wapangaji wote pamoja.
Tena kuna damu ya ukoo. Lakini damu yetu ni moja, nikasema.
Akasema, mama hupakua kwa upawa mmoja
na bado sahani mbili hazipati mchuzi sawa.
Kuna usingizi. Kuna ile miaka
Esha aliyopandisha ndoo ya maji kutoka bondeni
nami nimekaa kwenye cherehani.
"Na sehemu nyingine," akasema, "hatujui."
Neno hilo nililipenda kuliko dawa.

Nyumbani nikaitazama mikorosho ya baba,
safu ileile, mbegu ileile, salfa ya mfuko mmoja.
Wa tatu kutoka njiani huzaa hadi matawi yakalala chini.
Wa nne majani tu.
Baba hakuwahi kuuita mwongo.
Aliupogoa. Akausubiri. Mwaka mmoja akaubebesha
kikonyo cha mwenzake, akaufunga kwa nailoni.

Sasa nina kidonge kimoja cheupe kila asubuhi,
na uji wa uwele uliochacha, ambao daktari alisema nijaribu,
hakusema utaniponya.
Nawakaribisha wapangaji wapya, kodi siwadai.
Mbaazi sijaziacha. Zilikuwa tamu kabla hazijawa dawa.

Jioni Esha anapakua, anasita, upawa hewani,
anataka kuniongezea kama mtu anayelipa deni.
Pakua, dada. Hujanidhulumu.
Nipe na ukoko.